Nyimbo za Kadi ya Lameck

Lameck alifariki wakati wa masika, pikipiki yake ilipoteleza kwenye mteremko wa kutoka Gitting kwenda Katesh. Watu walikuwa bado wanahangaika kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Vijana wenzake wa kijiwe cha bodaboda ndio walioleta vitu vyake nyumbani: koti, kofia ngumu, na redio ndogo ya kadi aliyokuwa ameifunga kwa mpira kwenye usukani. Koti lilikuwa limechanika mgongo mzima. Redio haikuwa na hata mkwaruzo.

Mama yake, Verediana, hakuwa mtu wa redio. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango, na miaka yote alikuwa akimwambia mwanawe apunguze makelele. Lakini waombolezaji walipokwisha kuondoka na nyumba ikawa kimya, siku moja akiwa anachambua maharage aliibonyeza ile redio. Haikufuata mpangilio. Iliokota wimbo popote, ukiisha ikaokota mwingine, na yeye hakujua upi unakuja.

Wa kwanza ulikuwa wa kijana anayembembeleza msichana apokee simu. "Huyu kwao hawana kazi?" Verediana alisema peke yake. Aliposikia wimbo huo mara ya tatu alianza kumhurumia. Kulikuwa na mwingine wa mbio mbio, kama mahindi yanayomwagika juu ya bati, ambao hakuelewa neno hata moja. Huo alikuwa akiuvumilia tu. Kulikuwa na dansi la zamani, gitaa likizunguka weee kabla mtu hajafungua kinywa. Akashangaa kukuta pia nyimbo za kwaya, tena si chache. Kumbe mtoto aliyekuwa akivutwa kwenda kanisani alipanda na kushuka ule mlima akisikiliza kwaya.

Na kulikuwa na mmoja usio na vyombo. Wasichana wa Kidatoga walikuwa wakiimba harusini, pengine kule Balangdalalu, huku wanapiga makofi, mbwa anabweka, upepo unavuma kwenye simu iliyorekodi. Lugha yao hakuijua, na Lameck pia hakuijua. Lakini kati ya nyimbo zote, huo ndio uliomfanya aache kazi iliyokuwa mikononi. Alijua kwamba wakati unaimbwa, mwanawe alikuwa amesimama palepale, ameinua simu.

Mumewe, Nikolausi, hakuweza kukaa. Redio ikiwashwa tu, anachukua fimbo na kutoka kwenda kwa ng'ombe.

"Zima hicho kitu, Mama Lameck," alimwambia siku moja.

"Mtoto wangu yumo humu."

"Hayumo. Humo kuna watu wa Dar wanaoimba."

Baada ya hapo hawakusemeshana mpaka kesho yake. Nikolausi hakuwa amelia msibani. Alichimba kaburi pamoja na vijana, akashukuru watu, akarudi shambani. Verediana alianza kuamini kwamba mumewe amekwisha kumsahau mtoto, na wazo hilo lilimkaa kifuani.

Kisha asubuhi moja redio ikakataa. Taa iliwaka, lakini sauti haikutoka. Verediana aliitoa kadi, akaifuta kwa khanga, akairudisha. Kimya. Alikaa chini sakafuni. Nikolausi alimkuta hapo, akaiangalia redio, akaenda kuvaa shati lake la kanisani.

"Twende Katesh," alisema.

Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha dada mmoja aliyeitwa Fabiola, kazi yake kurusha nyimbo kwenye simu na kadi za watu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Verediana alijibu, akamkabidhi kadi.

Fabiola aliijaribu kwenye kompyuta, akaijaribu kwenye simu, akatikisa kichwa. "Imekufa, mama."

Verediana alishika ukingo wa meza. Yule dada akaona kuna jambo, akauliza ilikuwa ya nani. Alipoambiwa aliinamisha kichwa. Alimfahamu Lameck kwa sura. "Poleni sana. Niambieni majina ya nyimbo, niwatafutie."

Majina! Verediana hakujua hata moja. Akaanza kueleza alivyoweza: yule anayelilia simu, ule wa mahindi kwenye bati. Fabiola hakucheka. Alijaribisha huu na huu, na mara nyingine ukawa wenyewe. Walipofika kwenye dansi la zamani, Verediana akakwama. "Gitaa linazunguka," alisema. "Linazunguka, halafu..."

Hapo Nikolausi, aliyekuwa amesimama mlangoni akiangalia barabara, akaimba. Alianza na gitaa lenyewe, kwa mdomo, halafu sauti ya mwimbaji, bila kukosea. Watu waliokuwa wakipita waligeuka. Kisha akaingia kwenye wimbo mwingine, na mwingine, hata ule wa mbio mbio, mzee wa watu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Baba Lameck," Verediana alisema polepole, "umezisikia wapi?"

"Nyuma ya zizi. Ulifikiri nakwenda wapi kila siku?"

Verediana alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu siku ya ndoa yao.

Fabiola alizipata karibu zote. Wimbo wa wale wasichana hakuupata, na hakuwa na pa kuutafuta. "Ule aliurekodi mwenyewe, baba. Ulikuwa humo tu."

Walirudi Gitting na kadi mpya. Jioni waliiwasha, wakakaa wote wawili. Nyimbo zilikuwa zilezile na sauti ilikuwa safi zaidi. Baada ya muda Verediana alisema, "Si zake hizi."

"Najua," Nikolausi alijibu. "Acha ziimbe."

Ule wimbo wa harusi wamejaribu kuukumbuka pamoja. Mwanzo wanaujua, na makofi wanayajua. Katikati, Verediana anasema sauti inapanda, mumewe anasema inashuka. Wamebishana mara nyingi. Siku hizi wakifika hapo wananyamaza, kila mmoja anaumalizia moyoni.