Dobi aliyemtoa mdogo wake uwanjani

Pasi imeshapata moto kabla mtaa haujaamka vizuri. Dobi ananyunyizia maji kola ya shati jeupe, anaikandamiza, mvuke unampanda usoni. Mteja wa kwanza anaingia na fuko la nguo begani, na hata hajamaliza salamu ameshatupiwa fumbo.

"Wewe ni mpigaji wa kriketi. Umeuzuia mpira kwa gongo, mpira ukadondoka miguuni pako, ukatulia tuli. Mlinzi wa timu pinzani anayeufuata yuko kule. Unauokota kwa mkono, unamrushia, umpunguzie safari. Umetoka mchezoni au hujatoka?"

"Nitokeje na mimi nimemsaidia?" mteja anashangaa.

"Umetoka. Nguo zako kesho mchana."

Zamani mafumbo haya alikuwa akiyatoa huku anacheka mpaka anaweka pasi chini. Kuna la mpigaji anayeangusha wiketi zake mwenyewe, vile vijiti vya nyuma yake, kwa makalio, la anayechelewa kuingia uwanjani hadi muda unamwishia, la anayeupiga mpira mara mbili kwa tamaa ya mikimbio, yaani alama. Wateja walimbandika jina la Kidole, kwa sababu siku za mechi huvaa koti jeupe la mwamuzi, na mwamuzi akiinua kidole kimoja, mpigaji hana lake.

Siku hizi hacheki. Fumbo la mpira uliookotwa limemtoa nyumbani kwao.

Ilikuwa fainali ya ligi. Timu ya mdogo wake wa kiume ilikuwa imebakiza mikimbio minne tu kushinda, na kijana huyo ndiye aliyekuwa anapiga, mpigaji wao wa mwisho. Kampuni moja ilikuwa imeshamwahidi kazi na nafasi kwenye timu yake, mradi kombe lichukuliwe. Mama yao alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya.

Aliyempanga dada mtu kuchezesha mechi hiyo ni uongozi wa ligi wenyewe. Walisema waamuzi hawatoshi, na kwamba Kidole hana upendeleo. Hana upendeleo! Sifa hiyo hiyo leo ndiyo wanayomshtakia.

Mrusha mpira akarusha, kijana akazuia, mpira ukalala karibu na kiatu chake. Akainama, akauokota, akamrushia mlinzi. Katika uwanja huo kila mpigaji hufanya hivyo, ni heshima tu, na siku zote watu hunyamaza. Lakini sheria inasema mpira ukiwa bado mchezoni, mpigaji haugusi kuurudisha bila mlinzi kukubali. Wapinzani wakidai, ametoka. Wasipodai, mwamuzi hana la kusema.

Siku hiyo nahodha wa wapinzani alidai.

"Nilimwuliza kama anaendelea na dai lake, maana ana ruhusa ya kuliondoa," anasema Kidole. "Akasema anaendelea. Sasa mlitaka nifanye nini? Niangalie mawinguni?"

Akainua kidole. Kombe likaenda upande wa pili, na ile kazi ikayeyuka.

Cha kuudhi ni kwamba nahodha aliyedai anapita mtaani kifua mbele na watu wanampa mkono. Anayetukanwa ni aliyeulizwa akajibu. Mwenyekiti wa ligi, ambaye sheria hiyo anaijua vizuri sana, alifika kwa dobi akiwa na sauti ya upole. Jumamosi, uwanjani mbele ya watu, aseme alikosea. La sivyo arudishe koti.

"Sema tu yaishe, dada yangu," alimwambia.

"Nionyeshe kosa, nitaliomba radhi hapa hapa," Kidole akamjibu. Mwenyekiti akatazama saa yake, akaaga.

Mama ndiye aliyemwumiza zaidi. Alimwambia asikanyage kwake mpaka amrudishie mwanawe riziki yake. "Mwanawe," Kidole anarudia, anaisukuma pasi kwa nguvu mpaka meza inalia. "Na mimi aliniokota wapi?"

Mwandishi wa makala haya akiwa bado kibandani, kivuli kinaziba mlango. Ni yule mdogo mtu. Amefuata shati lake, kwa maana pamoja na ugomvi wote nguo zake bado zinafuliwa hapa, tena bure.

"Dada, shikamoo. Mama anasema uombe radhi tu."

"Na wewe unasemaje?"

Kijana anachezea kitasa.

"Nakuuliza wewe. Fumbo lile nilianza kukuuliza lini?"

"Tangu niko shule."

"Ukawa unajibu nini?"

"Ametoka."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma."

"Mama umemwambia hivyo?"

"Hajaniuliza."

Kidole anaisimamisha pasi. Macho yamemwiva. "Hajakuuliza! Mimi natukanwa sokoni, natukanwa kisimani, wewe unangoja kuulizwa? Toka. Nenda kamwambie aliyekutuma."

Kijana anaondoka bila shati. Njia panda anasita, kisha anashika njia ya kwa mama yake, polepole.

Dobi anamtazama mpaka anapotea. Jumamosi, anasema, atakwenda na koti lake limenyooka, na neno samahani halitamtoka. Wakilichukua koti, walichukue mbele za watu. Anachotarajia ni kitu kimoja tu: kabla yeye hajafungua kinywa, mdogo wake asimame aseme alichosema hapa.

"Mimi nikisema, wataniambia najitetea. Inabidi aseme yeye."

Na asiposema?

Anachukua lile shati jeupe la mdogo wake, analikunja vizuri, analiweka kando.

"Akisema, nitampigia pasi mpaka azeeke," anasema. "Akinyamaza, akatafute dobi mwingine."