Kigae Cheupe na Karanga Zangu

Mimi ni dereva, na dereva akianza simulizi ya mtu mwingine ujue kuna lake analolizungukia. Langu nitalifikia. Kwanza nimweleze huyu mama.

Ofisini tulimwita Bi Kigae. Alianza kazi kama mfagiaji wa maabara, akajifunza vipimo kwa kuwachungulia wataalamu huku fagio liko mkononi, mpaka wakubwa wakasalimu amri wakampa kipimo apime mwenyewe. Mfupi, kofia pana, sauti ya kugombeza hata akikusalimu. Kazi yake ilikuwa kupima rangi ya ardhi.

Nchi nne zilikuwa zimeungana kwenye setilaiti moja yenye jicho la ajabu: pale wewe na mimi tunapoona kijani tu, lenyewe linaona rangi mia mbili na zaidi. Nchi moja ilitengeneza jicho, nyingine mwili, ya tatu ikairusha. "Na sisi tumetoa udongo," Bi Kigae alikuwa akisema, anacheka peke yake. Alitania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Setilaiti ikipita juu yetu, lazima mtu awe shambani apime palepale inapotazama, ili wenzetu wa mbali wajue kama jicho lao linasema kweli.

Kabla ya kupima kila nukta, yaani kila mahali palipotiwa alama shambani, alielekeza kipimo kwenye kigae cheupe, ukubwa wa sahani. Weupe ule ndio ulikuwa mizani ya vyote. Yeye mwenyewe hakukigusa kwa kidole. Alikishika kwa fremu yake na kukilaza kwenye sanduku lenye sponji.

"Shemeji, ukikigusa nakukata mkono," aliniambia siku ya kwanza. Aliniita shemeji kwa kuwa aliapa ataniozesha mdogo wake. Miaka sita, huyo mdogo wake sijamwona hata kivuli. Nilimwomba aache, watu wananicheka. Wapi!

Sasa siku yenyewe. Setilaiti ilikuwa ipite saa nne na dakika ishirini asubuhi. Bi Kigae alishamaliza nukta kumi na moja za kwenye mahindi, zikabaki kumi na tisa za udongo mtupu. Wageni wa zile nchi nyingine wakamwita ukingoni mwa shamba wapige picha naye. Akaliacha sanduku wazi juu ya boneti. "Shemeji, nichungie."

Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu alfajiri. Nina karanga za mafuta kwenye karatasi, karatasi imeshalowa inachanika. Haki ya Mungu, mkono ulikwenda wenyewe. Kitu cheupe, safi, bapa. Nikazimwaga hapo, nikala. Nilipoona alama ya mafuta nikachukua kitambaa cha kufutia kioo cha gari, nikasugua. Kwa macho yangu kilitakata.

Akarudi mbiombio. "Hakuna kilichokisogelea?"

"Hata nzi," nikajibu.

Akapima nukta zote kumi na tisa, anakimbizana na saa, jasho linamtiririka. Mimi nimeegemea gari najifanya kutazama mawingu.

Mwezi haukuisha, barua ikaja. Vipimo vya ardhini na vya angani vimekataana. Kigae kikichafuka, udongo unasomeka mweupe kuliko ulivyo, na wataalamu wakaona chumvi mahali pasipo na chumvi. Kwa kuwa kosa lilianzia palepale mahindi yalipoishia na udongo ulipoanzia, hakuna aliyejua kosa ni la mtu, la kifaa au la shamba. Wenzetu waliandika kwa adabu, lakini maana ilikuwa moja: siku nzima itupwe. Mkuu wetu akapanga kikao cha kwenye skrini Jumatatu, na tukajua Bi Kigae akitoka hapo anapelekwa stoo.

Hakubisha. Alhamisi alasiri nilimkuta maabara amenyoosha mikono juu ya karatasi nyeupe, anaitazama aone kama inatetemeka.

"Shemeji, hii mikono imezeeka bila kuniambia?"

"Umechoka tu, mama," nikasema. Lo! Mtu mzima ovyo. Ulimi ninao, na bado nikamwacha mama wa watu aishuku mikono yake. Nafsi ilinisuta mpaka nikaona haya kujitazama kwenye kioo cha gari.

Jumatatu, nusu saa kabla ya kikao, nikamfuata. Nikasema yote: karanga, kitambaa, nzi. Nilitaka anipige. Hakunipiga.

"Baada ya nukta ya ngapi?"

"Kumi na moja."

Akafungua daftari, akapiga mstari chini ya kumi na moja, mkono umetulia tuli. "Basi hizi ni nzima." Kisha akauliza, "Kigae cha akiba kilikuwa wapi siku ile?"

"Chini ya kiti changu."

Akatikisa kichwa. Dakika mbili tu zingetosha kukibadilisha, na sote wawili tulilijua hilo.

Nilisimama mbele ya skrini nikarudia maneno yaleyale, nchi nne zinanitazama. Kuna aliyeinamisha kichwa asionekane anacheka. Nukta kumi na moja zikapokelewa, na Bi Kigae akabaki na kipimo chake. Mimi nikapewa onyo la maandishi, nikalitia sahihi bila kulisoma.

Setilaiti ilipokaribia kupita tena, nilimsubiri kwenye gari. Nikamfungulia mlango, nikanyoosha mikono nimpokee sanduku. Akapanda nalo, akalipakata.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, dereva," akasema. "Twende."