Nyumba ya Pima Kumi na Moja

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia Ujiji, nyumba ilipimwa kwa mikono ya mtu. Hapakuwa na tepu, hapakuwa na picha. Karani wa kodi alikuja kwa miguu na kofia yake na jasho lake, akapiga hodi, akapewa kiti na kata ya maji, kisha akauliza: "Nyumba hii ni pima ngapi?" Hapo ndipo raha ilipoanza.

Pima moja, kwa wajukuu wasiojua, ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Na mtaani kwetu tulikuwa na mapacha wawili wavuvi, Bukuru na Butoyi. Mungu naye ana utani wake. Bukuru alikuwa mrefu kama mlingoti, mikono inafika magotini. Butoyi, wa tumbo lilelile na siku ileile, akikaa kwenye kiti miguu inaning'inia. Ukuta uleule, Bukuru akiupima unatoa pima saba, Butoyi akiupima unatoa tisa. Na hakuna aliyedanganya! Kila mtu kapima kwa mikono aliyopewa.

Bibi yangu hakujua kuandika hata jina lake, lakini hilo alilijua vizuri sana. "Kodi apime Bukuru," alikuwa akisema, "mauzo apime Butoyi." Karani akionekana tu kule sokoni, Bibi anatupigia kelele: "Kimbieni mkamwite Bukuru!" Tunatimka kwenda ziwani, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, tunamkuta anashona wavu, tunamburuta kwa mikono yake hiyohiyo. Anafika, anajibandika ukutani kama mjusi, ananyoosha, anasogea, ananyoosha tena. Bibi pembeni hana mbavu: "Tazameni! Anaukumbatia ukuta wangu kuliko anavyomkumbatia mkewe!" Karani naye anacheka, maana alijua. Mtaa mzima ulijua. Halafu mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwa letu, unaletwa, ugali wa muhogo na mboga iliyolala kwenye mawese, na karani anaondoka midomo myekundu kama bwana harusi aliyekula tambuu.

Sisi watoto tuliiga yote. Tulijenga nyumba za mchanga pale ufukweni, mimi ndiye karani, kwa sababu kofia ya jani la mgomba nilikuwa nayo mimi. Mwenye nyumba siku zote alikuwa Mwamini, mtoto wa jirani, mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo. "Hujapiga hodi!" anapiga kelele, na konzi ya mchanga imeshanifika usoni. "Toka nje, anza upya!" Tulicheza hivyo mpaka jua linazama upande wa Kongo na mama anaita, "Wa mwisho kufika analamba sufuria!" Watoto wa leo ukiwaambia wajenge nyumba wanajenga ndani ya simu, na bando likiisha wanalia wamekosa makazi.

Shule nilifika darasa la tatu. Sikufukuzwa. Niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe nikaenda Kibirizi kubeba magunia ya dagaa, na mgongo huu ndio uliolipa mtumbwi wangu wa kwanza, kisha boti, kisha nyumba. Siku nilipopandisha bati la mwisho nilimwita mjomba Butoyi. Ndiyo, Butoyi, si Bukuru! Mtu akijenga kwa jasho lake anataka apimiwe na mikono mifupi. Akapima, akahesabu kwa sauti, watu wakasikia: kumi na moja. Pima kumi na moja! Wenzangu walikuwa na vyeti, mimi nilikuwa na kumi na moja. Niliitaja harusini, niliitaja msibani, mpaka nikaitwa Mzee Kumi na Moja, na nikiitwa hivyo naitika kwa kifua.

Sasa njooni kwenye miaka ile, kabla kodi ya majengo haijahamia kwenye umeme. Wataalamu wakaanza kuhesabu nyumba kwa picha iliyopigwa kutoka juu ya mawingu. Mwamini wakati huo ni bibi wa watu, mjane, ananunua dagaa Kibirizi na kuwaanika kwake, kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Mvua za huku mnazijua, kwa hiyo kichanja alikiezeka mabati chakavu. Huko mawinguni bati ni bati. Akaandikiwa kodi ya nyumba mbili.

Akanijia, kitenge kimekaa upande. "Wewe Kumi na Moja! Nimeambiwa nina nyumba ya pili. Nionyeshe iko wapi nihamie leo, hii ya kwanza inavuja!"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kisha nikakasirika. Tukaenda ofisini, tukaambiwa njooni kesho. Kesho tukaambiwa mhusika katoka. Palepale kwenye korido, mbele ya watu waliopanga foleni, nikasema kwa sauti: nagombea udiwani, na nina neno moja tu. Nyumba ya mtu isipimwe bila kupigiwa hodi.

Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Hamisi, mstaafu, mtu wa suti na maneno yaliyopigwa pasi. Kwenye mkutano akasimama: "Ndugu zangu, mzee huyu ni darasa la tatu. Kule kwenye baraza la madiwani atakwenda kusoma nini?"

"Kusoma utanisomea wewe, Mwalimu," nikamjibu. "Mimi nitasema."

Vigelegele! Lakini Mwalimu si mtoto. Akangoja vikatulia, akauliza taratibu: "Na hiyo kumi na moja yako, mzee mwenzangu, ilipimwa na nani?"

Damu ikanipanda. Nikasema neno ambalo Bibi angenifinya sikio kwa ajili yake: "Nitapimwa hadharani! Na ikipungua hata shubiri, msinipe kura!"

Basi siku ikafika. Kwa kusumbua kwetu, ofisi ikamtuma mtaalamu, binti wa Kipare aliyehamishiwa Kigoma juzijuzi, mpole, na tepu ya chuma mkononi. Alikuja kwa miguu na balozi wetu wa nyumba kumi. Mlangoni kwa Mwamini akasimama: "Hodi! Shikamoo mama. Naomba kuiona nyumba ya pili."

"Marahaba mwanangu, pita sebuleni," akasema Mwamini, akamzungusha nyuma na kufunua bati. Dagaa wamelala safu kwa safu, wanamtazama. "Hao ndio wapangaji wangu. Waulize kama wamelipa."

Binti alicheka mpaka tepu ikamponyoka. Nyumba ya pili ikafutwa palepale, ya kwanza ikapimwa kwa tepu, mtaa ukashangilia, na katikati ya shangwe hizo nikajitosa mwenyewe: "Sasa twende kwangu!"

Walikuja wote. Watoto wamepanda ukuta, Mwalimu Hamisi kakunja mikono. Binti akapima, akaandika, akanitazama kwa huruma. "Mzee, nyumba ni nzuri. Ila kumi na moja haifiki, ni ndogo hata kuliko ya mama Mwamini."

"Rudia."

Akarudia. "Ni ileile, mzee."

"Umeisahau baraza!"

"Baraza nimeipima."

"Basi pima na kivuli chake! Mwanangu, mimi nadaiwa zaidi ya hapo, andika vizuri!"

Hapo ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye mkeka. Mzee Butoyi, macho yamefifia, meno yamekwisha, wameletwa yeye na mkeka wake aone mambo. Akanyoosha vile vimikono vyake. "Ego, ndiyo! Kumi na moja ni za hapa, si za chuma hicho!"

Jamani. Watu walikaa chini kwa kicheko. Balozi alilia machozi. Mimi nilisimama nimeshika ukuta wangu, naona udiwani unaondoka kama mtumbwi uliokatika kamba, maana Mwalimu Hamisi alikuwa ameshapanda kwenye kiti: "Ndugu zangu, ahadi mliisikia! Ikipungua shubiri, asipewe kura!"

Kisha Mwamini akajisukuma mbele, harufu ya dagaa ikimtangulia.

"Shuka kwenye kiti, Mwalimu. Wewe katika maisha yako umewahi kumwona mtu anagombana na mkadiriaji ili alipe zaidi? Mimi sijawahi. Huyu wakinionea atagombana vilevile. Kura yangu anayo, na nyumba yake ndogo hiyohiyo."

Nilishinda, ndugu zangu. Nilishinda kwa aibu, na aibu ile sijawahi kuona tamu kama yake. Na kipindi changu chote hakuna nyumba ya kata yetu iliyopimwa kwa picha peke yake. Mtaalamu alitembea na balozi, akapiga hodi, akapewa maji.

Siku hizi kodi inakatwa humohumo kwenye umeme. Kijana anabonyeza simu, taa inawaka, kodi imekwenda, na hajasimama. Ni haraka, siwezi kuitukana. Lakini hakuna anayekuja. Hakuna mtoto anayekimbia ziwani kumwita mwenye mikono mirefu, na mgebuka wa karani tunaula wenyewe. Bukuru na Butoyi wamelala jirani huko makaburini, na mwenye kuwapima sasa hana habari na mikono ya mtu.

Juzi, hamu ilinishika nikaenda kwenye ukuta wangu, nikajibandika, nikanyoosha mikono. Wajukuu wakatoka na simu zao: "Njooni muone, babu anakumbatia nyumba!" Wapige picha tu. Nilisogea, nikanyoosha, nikahesabu kwa sauti kama alivyohesabu mjomba. Mabega yamelegea, viwiko havinyooki tena, uzee umenifupisha mpaka nimemfikia Butoyi. Na nilipofika kwenye kona ya mwisho, jamani, kumi na moja kamili.

Nimemtuma mtoto akamwambie Mwalimu Hamisi. Aje ajionee. Na apige hodi.