Afande wa Friji Asiyejua Kiswahili

Leo nusura niibiwe na "mwanajeshi".

Nimeona tangazo mtandaoni: friji iliyotumika, laki nne. Hapa Kabalagala friji kama hiyo haishuki chini ya laki saba!

Nikapiga simu. Jamaa anaongea Kiingereza: ni afisa wa jeshi, yuko kambi ya Mbuya, amehamishwa ghafla. Nitume laki moja na nusu kwanza, aniwekee.

Mwaka jana nililiwa pesa ya jiko hivyo hivyo. Na duka langu la soda bila friji ni duka gani?

Nikamjaribu kwa Kiswahili. "Afande, niko karibu na geti la kambi. Nikukute upande gani?"

Akaniomba nirudi kwenye Kiingereza.

Jamani! Mwanajeshi wa Uganda hajui Kiswahili, lugha ya kambini?

Jirani yangu Mama Akello, mke wa askari, akaninyang'anya simu, akamvaa kwa Kiganda: "Wewe afande, mafunzo ulifanyia saluni?"

Akakata.

Mchana nimepata friji kwa mama mmoja wa Kisugu, laki saba. Tuliichomeka, nikakaa sebuleni kwake mpaka maji yakaganda, ndipo nikalipa.

Sasa iko dukani inanguruma. Leteni kiu zenu, na mniambie nyie mliuziwa hewa gani.