Sisimizi wa Babu

Juzi, katika duka moja la mapambo Msasani, muuzaji alichomeka sindano ya moto kwenye kipande cha sandarusi, ile gundi ya miti ya kale inayochimbwa ardhini, na harufu kama ya ubani ikanirudisha kwa bibi, Temeke.

Kipande chake kilikuwa na sisimizi ndani. Marehemu babu alimwapia kuwa alikichimba mwenyewe Kilwa. Siku mnunuzi alipokichoma sindano, baraza zima lilinuka ndoo iliyoungua.

"Mama, hii plastiki," alisema taratibu.

Mie nikaangua kilio, nikidhani sisimizi ndiye anayeungua. Bibi akanipakata.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Huyo hasikii kitu."

Machozi yake yakanidondokea utosini, nikafarijika kwamba naye anamlilia sisimizi.