Mtakatifu Nyuma ya Bwana Harusi

Gaudiosa Kokugonza ameishi Guangzhou miaka kumi na miwili, na ukimkuta soko la Zhanqian asubuhi akichagua sweta za shule utadhani jengo lile la nguo ni lake. Hanunui kitu bila kukigeuza ndani nje. Akitajiwa bei ya mgeni, anacheka, anavuta kiti, anakaa, na wauzaji wanajua kwamba kazi imeanza. Mumewe Jonas alipofariki, shemeji zake walimshauri auze duka la Bukoba apumzike. Akawashukuru, akaenda kutafuta pasipoti.

Ndiyo maana Padre Revocatus wa parokia ya kwao alimpigia yeye mchwa walipoimaliza picha ya altare.

Picha hiyo ilikuwa imesimama nyuma ya altare tangu kabla mama yake Gaudiosa hajazaliwa. Wamisionari waliileta, ikiwa nakala iliyobandikwa juu ya mbao, ya picha iliyochorwa Siena, Italia, zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Katikati alikaa Bikira Maria amempakata Mtoto, na Mtoto ameshika ndege mdogo mwenye doa jekundu usoni. Kushoto walisimama Yohane Mbatizaji katika vazi lake la manyoya na Mtakatifu Lusia na sahani yake ya macho. Kulia alikuwapo Laurenti, ameshika wavu wa chuma aliochomewa, na mwisho kabisa Roko na mbwa wake.

"Huko uliko wanatengeneza kila kitu," Padre alisema. "Tutengenezee na hii."

"Una picha yake, Padre?"

"Hatuna. Nani angefikiria kuipiga picha? Tulidhani ipo siku zote."

"Basi ninayo mimi. Iko nyuma yangu siku ya harusi."

Ilikuwa picha ya mwaka 1998, na mpiga picha wa siku ile alikuwa fundi: hata kucha za Laurenti zilionekana. Tatizo lilikuwa Jonas. Alikuwa mrefu, na kichwa chake kilikuwa kimemziba mtakatifu wa nne karibu mwili mzima. Kilichobaki ni kipande cha joho, na karibu na sikio la Jonas, juu kidogo ya bega, kichwa cha mnyama.

Fundi anayemtengenezea Gaudiosa makasha ya mizigo alimpeleka kwa mchoraji mmoja aitwaye Liang, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani hapo Sanyuanli. Liang ana miaka sitini na kitu. Thelathini kati ya hiyo aliimaliza akichora milima na maporomoko ya maji kwa ajili ya kuta za hoteli. Aliitazama picha ya harusi, akaitazama tena, akairudisha.

"Bu xing," alisema. Haiwezekani. Watu wengi, mbao kubwa, na yeye hamjui hata mmoja wao.

"Nitakwambia ni akina nani," Gaudiosa akamjibu kwa Kichina chake cha sokoni, akavuta kiti.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa alipanda zile ngazi. Jumapili ya kwanza alikuta nyuma ya Bikira Maria kuna anga la buluu na mawingu mazuri sana.

"Ondoa anga," alisema. "Hapa si nje. Ni mbinguni. Palikuwa na dhahabu tupu."

Liang alifikiri kidogo. "Kama sanamu za hekaluni?"

"Sijui za hekaluni. Dhahabu inayowaka mshumaa ukisogea."

Wiki iliyofuata alikuwa amekwenda kwa rafiki yake anayepaka dhahabu sanamu za hekaluni, akarudi na vijikaratasi vyembamba vinavyopeperuka mtu akikohoa. Lakini kwenye sahani ya Lusia alikuwa amechora matunda mawili ya lichi, meupe, yamemenywa vizuri.

"Hayo ni macho, mwalimu. Macho yake mwenyewe."

"Nimeona. Nikafikiri mteja atachukia kula chakula akiyatazama."

"Hakuna anayekula pale. Watu wanapiga magoti. Huyu dada walimng'oa macho, naye akaendelea kuona. Mwenye macho mabovu anamwendea yeye."

Liang, ambaye alikuwa na miwani moja usoni na nyingine kichwani, alichukua brashi. Aliyachora macho yale kwa siku tatu, na hakuna sehemu ya picha aliyoichora vizuri kuliko hiyo.

Mtakatifu wa nne walimwacha mwisho. Gaudiosa alieleza habari za Roko na mbwa aliyemletea mkate alipokuwa mgonjwa msituni. Liang aliikuza picha ya harusi kwenye simu, akaisogeza hadi ile sehemu ya sikio la Jonas.

"Laoban," alisema, maana wafanyabiashara wote huwaita mabosi, "huyu si mbwa."

"Ni mbwa. Nimemwona tangu nabatizwa."

"Mimi nimekulia kijijini na nguruwe kumi na wanne. Tazama pua. Tazama sikio lilivyolala. Na shingoni ana kengele."

Gaudiosa alitazama, mwanzoni ili amwoneshe kosa lake. Maisha yake yote alikuwa akimtazama mnyama yule akijua tayari atakachokiona. Sasa alikiona kilichokuwapo: nguruwe, mdogo, mwenye kengele.

Alimtumia picha Medard, kijana wa Mwanza anayesomea historia ya sanaa kwa ufadhili na anayeimba naye kwaya. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Nguruwe na kengele, Medard aliandika, ni alama za Antoni Abati, mmonaki wa jangwa la Misri. Mkononi hushika fimbo yenye umbo la herufi T. Na picha hiyo ilichorwa kabla watu hawajaanza kumweka Roko altareni.

Gaudiosa alimpigia Padre Revocatus, akamweleza yote.

"Gaudiosa, tuna jumuiya nzima inayoitwa Roko. Mchoree mbwa tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Padre. Na mzee Liang atajua."

"Watu watasema tumewabadilishia mtakatifu."

"Shikamoo yangu iko palepale, Padre, lakini nitaleta kilichokuwepo. Wewe utawaeleza. Miaka yote hiyo tumemwita mzee wa watu jina lisilo lake, na bado alisimama nasi."

Padre akaguna. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana, na kwa Gaudiosa hiyo ilitosha. Liang alimchora mzee wa ndevu nyeupe, fimbo mkononi, nguruwe miguuni.

Picha ilisafiri kwa meli kwenye kasha. Gaudiosa akapanda ndege uwanja wa Baiyun akaitangulia. Siku ya kuibariki, kanisa lilijaa hadi nje. Padre alieleza habari za Antoni, na minong'ono ikaanza upande wa jumuiya ya Roko. Hapo Robert, katekista mwenye miaka themanini na mbili, akainuka na mkongojo wake, akaenda hadi mbele, akainamia ubao.

"Nimefundisha baba na watoto na wajukuu kwamba huyu ni mbwa," alisema.

Gaudiosa alisogea karibu naye. "Hata mimi ulinifundisha, Katekista. Na mimi nilimwona mbwa."

"Nani alisema mbwa mara ya kwanza?"

Hakuna aliyejua. Robert alimtazama mnyama yule, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, na wazee wa mabenchi ya mbele wakacheka naye.

"Niambie tena habari zake," alimwambia Gaudiosa. "Polepole, nizishike."

Akamwambia, pale pale mbele ya altare, watu wakisubiri. Alipomaliza, mzee aligeukia waumini, akanyoosha mkongojo kuelekea picha, akaanza kuwafundisha upya kwa sauti ileile waliyoizoea.

Jumuiya ya Roko ilibaki na jina lake. Lakini tarehe kumi na saba Januari, sikukuu ya Antoni, msimamizi wa mifugo, watu walileta mbuzi, ng'ombe, kuku, na nguruwe wanane wenye kelele nyingi uwanjani pa kanisa, Padre awanyunyizie maji ya baraka.