Kwa Nini Binti Yangu Anasomea Barazani

Binti yangu alikuwa darasa la tatu, hapa kijijini Lionja, alipoanguka kifafa mbele ya wenzake. Niliitwa, na nilipofika shuleni nilimkuta peke yake sakafuni, sare imelowa, wenzake wakimchungulia dirishani. Hakuna aliyemgusa, hata mwalimu wake. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani. Sikulia. Nilifua sare, nikaianika, na Jumatatu sikumvalisha.

Nikaanza kumfundisha mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la saba. Tulikaa barazani na vitabu vya zamani vya kaka yake, naye akasoma kwa sauti huku nikibangua korosho.

Baada ya miezi miwili akaja mtendaji wa kijiji.

“Mama, mtoto kutokwenda shule ni kosa. Unalijua hilo?”

“Nalijua.”

“Sasa kwa nini?”

Nilimweleza yote kama mtu anayesimulia habari za jirani. Akamgeukia mtoto. “Wewe unataka kurudi?”

“Kama wataniinua nikianguka,” alijibu.

Mtendaji aliahidi kuzungumza na walimu. Yapata mwaka sasa, na hajaniletea jibu. Sijamuuliza tena. Juzi binti yangu alianza hesabu za kugawanya.